Lango Lililo Wazi la Pingoni

Msafara ulikuwa umeshaondoka, nami niko nyuma yake nakimbia na sanduku kichwani. Magari kumi na moja ya Tume yalikuwa yamejaa viti, mahema, majokofu na wake wa wajumbe, na hakuna aliyekumbuka kwamba mbeba Ngano naye anahitaji pa kukaa. Lori la jenereta likazidiwa na mlima, likapunguza mwendo, nikarusha sanduku, nikajirusha na mimi.

Dereva akanichungulia. "Mzee, umebeba nini humo?"

"Ngano."

"Nyingi?"

"Bado halina kitu. Ndiyo tunakwenda kulijaza."

Hivyo ndivyo nilivyoingia serikalini.

Niseme mapema kwamba nchi hiyo si yangu. Nimepita nchi nyingi kwa miguu, na shule nimeipata vivyo hivyo, kipande hapa kipande pale: darasa la pili kwenye machimbo ya chokaa, la nne gerezani, la tatu mpaka leo sijalikuta. Kwa hiyo jambo likinizidi kimo nalisema tu kama nilivyoliona. Jina la nchi silitaji, maana limebadilishwa mara nne, na kila mara waliochelewa kupata habari walijuta.

Kazi yetu ilikuwa tukufu. Tulikuwa Tume ya Taifa ya Kutenganisha Ngano na Historia katika Maisha ya Shujaa Mwanamize. Tulikuwa na masanduku mawili. La Historia lilikuwa la chuma, kufuli tatu, nalo lilipanda gari la Mwenyekiti na kufungwa mkanda kama mgonjwa. La Ngano lilikuwa kasha la sabuni, na mkanda wake ni mimi.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Kanali Abedi Mng'aro, mtu wa nishani. Alikuwa nazo kifuani pande zote mbili, na moja mgongoni, aliyopewa kwa kurudi nyuma kishujaa.

Sababu ya Tume ni hii. Mtukufu Mlezi wa Taifa, siku moja akiwa anakoga, aligundua kwamba yeye ni wa uzao wa Mwanamize. Hakuna aliyemwambia, alijigundulia mwenyewe, kwa sabuni tu. Na mtu mkubwa akishapata bibi, lazima bibi huyo asafishwe.

*

Mwanamize aliishi miaka mia saba iliyopita katika mji wa Pingoni, mji wa mawe wenye ukuta, kisima kimoja cha maji matamu na lango moja. Siku moja alilifunga lango hilo. Hapo nchi nzima inakubaliana, wasomi na wachunga mbuzi. Ugomvi ni mmoja tu: nje ya lango alibaki nani?

Vitabu vya shule vinasema alibaki adui wa kigeni. Watu wa Pingoni wanasema alibaki Sultani wao wenyewe.

Nisingedhani jambo la zamani hivyo linaweza kumuudhi mtu aliye hai, mpaka dereva wa lori alipoanza kunieleza.

"Huko kwao wana mila," akasema. "Kila mwaka, mtama ukishaingia ghalani, wanawake wanafunga lango. Mtawala aliyepo anakuja kwa miguu, mtungi mtupu begani. Anabisha. Anaulizwa, 'Nani?' Anajibu kwa jina alilopewa na mamake, cheo anakiacha barabarani. Anaulizwa, 'Kisima cha nani?' Anajibu, 'Chenu.' Wanamfungulia, anateka maji kwa mikono yake, anawanywesha wanawake watatu, yamekwisha mpaka mwakani. Walipatana hivyo na yule Sultani. Maadamu mila ipo, kisima ni chao."

"Na Mtukufu huwa anakuja?"

"Mwaka wa kwanza alimtuma waziri. Mwaka wa pili barua. Wa tatu akatuma picha yake, imetiwa fremu. Wakaiuliza, 'Nani?' Ikanyamaza. Ikalala nje."

Akacheka mpaka lori likayumba, kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu na jenereta. "Sasa shemeji yake Mtukufu amejenga kiwanda cha maji ya chupa pale nyuma ya mji. Mashine tayari, mabomba tayari, vibandiko tayari. Kimekosa kitu kimoja tu."

"Nini?"

"Maji, mzee."

Ndipo nikaelewa kwa nini historia inahitaji magari kumi na moja.

*

Tulipiga mahema nje ya ukuta. Mji mzima ukatoka kututazama, wanawake mbele. Katibu akasimama na karatasi, kwa kuwa sheria inataka mhusika mkuu aitwe kwanza, akapaza sauti:

"Mwanamize wa Pingoni! Yupo?"

Katibu akageuza karatasi.

"Mwanamize wa Pingoni, mara ya pili!"

Sauti ikatoka katikati ya wanawake: "Mngojeeni, kaenda kuteka maji!"

Aliyesema ni Mwanakheri, muuza vitumbua, mwanamke mwenye mdomo usiopitwa na kitu. Watu wakaangua kicheko. Katibu akaita mara ya tatu, akangoja, akaandika: *Shujaa ameitwa mara tatu, amekaidi.* Mwenyekiti akasikitika kwamba mtu wa heshima kama yule anaanza vibaya na serikali.

Kisha akaitwa shahidi mmoja tu wa mji. Ajuza mwembamba, kanga mbili, miguu mitupu, shingoni amening'iniza ufunguo wa shaba urefu wa mkono. Ufunguo ulikuwa na kamba, na kamba ilikuwa na shanga.

"Jina?"

"Shinuna binti Makame."

"Cheo?"

"Nashika ufunguo."

"Nimeuliza cheo, bibi."

"Nami nimekujibu, baba. Wewe cheo chako kinafungua nini?"

Profesa Kanali akakohoa, akaashiria shanga. "Na hayo mapambo?"

"Si mapambo. Ndiyo habari yenyewe ya Mwanamize. Kila ushanga neno moja. Nyeupe nimepewa na aliyenitangulia, kama yeye alivyopewa. Nyekundu ni chumvi. Kwetu kutia chumvi hukatazwi, hadithi bila chumvi hailiki. Lakini ukitia, unatunga ushanga mwekundu na jina lako linatajwa, watoto wasije wakadanganyika."

Nimezunguka sana, jamani. Nimeona wanaohesabu mifugo, wanaohesabu nyota, wanaohesabu dhambi za jirani. Watu wanaohesabu uongo wao wenyewe sikuwahi kuwaona.

"Huu mwekundu mkubwa?" akauliza Mwenyekiti.

"Ndovu. Kwamba Mwanamize aliegemeza mgongo langoni, ndovu sita wakasukuma wasimtikise. Hao kawatia bibi yangu, mwaka wa nzige. Watoto walikuwa na njaa, hawalali bila kitu kikubwa."

"Na huu?"

"Farasi anayeruka. Huyo wa shangazi Mwanaisha. Shangazi alikuwa mwongo, Mungu amrehemu, lakini mwongo mwenye adabu. Kila uongo na ushanga wake."

"Na adui wa kigeni ni upi?"

"Huyo hana ushanga. Huyo tulimsikia redioni."

Mwanakheri akapiga kigelegele. Sajini Lipala, mkuu wa ulinzi, akamtazama kwa jicho la kazi. Mwanakheri akamtazama kwa jicho la kumtazamia mteja asiyelipa.

"Nyeupe ni ngapi?" Mwenyekiti akauliza, sasa kwa ukali.

"Tisa tu." Bi Shinuna akaanza kuzisogeza kwa kidole gumba, mmoja mmoja, wala hakupamba sauti. "Kulikuwa na mwanamke. Alikuwa mteka maji. Sultani alikwenda kuwinda. Kabla hajaenda, alimpa mkwewe kisima. Mwanamke akafunga lango. Sultani akakaa nje siku kumi na moja. Akabisha. Akaulizwa. Akajibu."

Watu wazima, wanawake kwa wanaume, walikuwa wakitikisa midomo pamoja naye.

Profesa Kanali Mng'aro akainuka. Nishani zikalia kama vijiko.

"Ndugu wananchi! Mimi nimesoma. Nimesoma ng'ambo, nikasoma hapa, nikasoma hata nilipokuwa mgonjwa. Nawaulizeni kwa akili ya kitaalamu: taifa zima, lenye bendera, lenye ndege, shujaa wake awe mteka maji? Anagombana na serikali yake mwenyewe kwa sababu ya ndoo? Hilo akili inalikataa! Lakini ndovu sita! Ndovu sita, ndugu zangu, ni tani thelathini za historia! Hapo mtafiti anapata pa kushika!"

Wajumbe wakapiga makofi. Nami nilipiga, mikono ilikuwa mitupu.

*

Uamuzi ulitoka kabla chakula cha mchana hakijapoa. Ndovu: Historia. Farasi anayeruka: Historia, ila apakwe rangi za bendera. Adui wa kigeni: Historia, ingawa hakuwa na ushanga, na Katibu alitumwa kumtafutia. Mwanamke mteka maji, Sultani, mkwe, kisima, siku kumi na moja, kubisha, kuulizwa, kujibu: Ngano.

Kamba ikakatwa kwa mkasi wa utepe. Nyekundu zikaingia katika sanduku la chuma. Nyeupe tisa nikatupiwa mimi.

Kisha Katibu akasoma amri, iliyokuja imeshapigwa chapa tangu mji mkuu:

"Lango la Pingoni halikupata kufungwa dhidi ya mtawala, halifungwi, wala halitafungwa. Atakayesema limefungwa, au atakayeonekana analiona limefungwa, atakuwa amesambaza Ngano, na adhabu yake ni kuvunja mawe miaka mitano, awe raia, awe mtumishi wa serikali, awe na cheo chochote."

"Mwanangu," akasema Bi Shinuna, "soma tena hapo mwisho. Masikio yangu mazee."

Katibu akafurahi kuombwa, akasoma tena.

"Analiona limefungwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Hata askari?"

"Hata askari. Sheria haibagui."

"Ahsante. Pigeni mhuri vizuri, wino usichezee pembeni."

Akaondoka na ufunguo wake. Ufunguo waliuacha, kwa sababu lango lisilofungwa halina ufunguo, na kitu kisichokuwepo hakichukuliki.

Ikatangazwa kwamba kesho Mtukufu Mlezi atawasili mwenyewe. Ataingia kwa lango hilo hilo lililo wazi, atazindua sanamu ya bibi yake kando ya kisima, kisha atakikabidhi kisima kwa shemeji. Jukwaa, viti, zulia, vinywaji na biskuti vyote vikapelekwa ndani ya mji. Nikaamriwa nichome sanduku langu na kilichomo.

*

Nilimkuta Bi Shinuna kisimani, jua bado liko juu, anafua.

"Mzee, wewe wa serikali?"

"Tangu juzi."

"Umeshaharibika?"

"Sidhani, bibi. Cheo changu kidogo."

Nikamfungulia kiganja. Hakushukuru. Alizihesabu kwanza, moja hadi tisa, akazihesabu tena, ndipo akauma uzi kwa jino lake moja, akaanza kutunga.

"Ningekamatwa nazo, ingekuwa mawe," nikasema.

"Mawe yapo tangu zamani," akasema. "Na nyekundu zetu mmetuibia. Ndovu wa bibi yangu yuko ndani ya gari anapigwa kiyoyozi."

Mwanakheri alikuwa anateka maji ya unga wake. Akasema, "Bi Shinu, mtama si umekwisha kuingia?"

"Umeingia."

"Kesho si ndiyo siku?"

"Ndiyo siku."

Nikauliza, "Mtalifunga?"

Wakanitazama wote wawili kama nimetukana.

"Sisi?" akasema Bi Shinuna. "Serikali imesema halitafungwa. Sisi ni nani?"

*

Mtukufu aliwasili saa nne asubuhi, na bendi, na shemeji. Lango lilikuwa limefungwa pasi na mashaka: mbao za mvule, misumari ya shaba, na komeo limepita nyuma kama nguzo ya nyumba. Kuku asingepita.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kufika. Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamgeukia Sajini Lipala.

"Sajini, unaona nini?"

Sajini alikuwa na watoto saba. "Naona lango liko wazi, Mheshimiwa."

"Katibu?"

"Wazi kabisa. Upepo unanipiga."

"Vizuri," akasema Mwenyekiti, na jasho likamtoka. Kisha akanong'ona, "Sajini, huwezi kuli... kuli...?"

"Kulivunja, Mheshimiwa? Naweza. Niandikie tu karatasi kwamba limefungwa."

Mwenyekiti hakuandika. Ngazi nayo haikuwezekana, maana nani apande ukuta penye lango wazi, ila mwizi?

Mtukufu Mlezi akashuka garini. Bendi ikapiga. Yeye hajazoea kutazama mbele, mbele huwa inatazamwa na wengine, kwa hiyo alikuja akipungia mkono pande zote mbili, moja kwa moja, akaligonga lango kwa paji la uso. Ngo! Bendi ikadhani ni ngoma, ikaongeza kasi.

"Mng'aro!" akasema, kashika paji. "Mbona hapapitiki?"

"Ni ujenzi wa kale, Mtukufu. Uwazi wa enzi zile ulikuwa mzito kidogo."

"Mzito?"

"Unataka kuzoewa, Mtukufu."

Mtukufu akajaribu kuuzoea. Akajaribu kwa bega la kulia, akajaribu kwa la kushoto. Shemeji akasukuma kwa nyuma, akaambiwa aache utani. Hakuna aliyethubutu kusema neno lile moja ambalo mbuzi wa Pingoni walikuwa wanalijua. Jua likapanda. Viti vyote vilikuwa ndani. Vinywaji vyote vilikuwa ndani. Maji yote, hata yale ya vibandiko, yalikuwa ndani, chini ya ardhi. Kitu pekee cha kukalia upande wetu kilikuwa kasha la sabuni, nikalipangusa, na Mtukufu Mlezi wa Taifa akakaa juu ya Sanduku la Ngano, uvimbe kwenye paji umekua kama embe dogo.

Saa tano ikapita. Saa sita. Mpiga tarumbeta akazimia. Kutoka ndani tulisikia ndoo ikishuka kisimani, ikijaa, ikipanda, maji yakimwagwa polepole kutoka mtungi hadi mtungi. Nadhani walikuwa wanayamwaga hayo hayo.

Saa saba Mtukufu akanyanyuka. Akatazama wajumbe, wote wakatazama lango kwa furaha kama watu wanaotazama uwanja mpana. Akalisogelea. Akabisha mara tatu.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Bi Shinuna.

"Mtukufu Mlezi wa Taifa, Amiri wa Majeshi, Mwalimu wa Walimu, Mkulima Namba Moja..."

"Hatuna mtu wa jina refu hivyo," akasema Mwanakheri. "Labda nyumba ya pili."

"Nitawafunga wote!"

"Kwa kosa gani, baba?" akauliza Bi Shinuna. "Lango si liko wazi? Ingia utukamate."

Nilimwona akilamba midomo, na midomo ilikuwa mikavu kama yangu. Akabisha tena.

"Nani?"

"Mimi," akasema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Mbwana. Mbwana wa Bi Tausi."

"Eee! Mbwana! Umekuwa mzima? Mbwana, kisima cha nani?"

Shemeji akamshika mkono wa koti. Mtukufu akautazama mkono ule, akautazama uvimbe wake kwenye kioo cha saa yake, akameza mate yasiyokuwepo.

"Chenu," akasema.

"Sema kwa nguvu, uzee usinisumbue."

"Chenu! Kisima ni chenu!"

Mtungi ukashushwa kwa kamba juu ya ukuta. Akauweka begani. Komeo likalia, mvule ukasogea, na lango lililokuwa wazi likafunguliwa. Aliteka maji kwa mikono yake, vibaya, nusu yakalowesha viatu. Akamnywesha Bi Shinuna, akamnywesha Mwanakheri, akamnywesha mama mmoja mjamzito aliyekuwa karibu. Ndipo na yeye akanywa. Alikunywa mitungi miwili bila kupumua.

Bi Shinuna alitoa ushanga mweupe kwenye pindo la kanga, akautunga hapo hapo mbele ya Tume. Mwanakheri naye alikuwa na mwekundu mkononi, anataka kusema kwamba Mtukufu alilia. "Tunga," Bi Shinuna akamwambia, "lakini jina ni lako."

*

Yaliyofuata ni haya.

Taarifa ya Tume ilitoka, kurasa mia nne. Inasema Mtukufu aliingia Pingoni kwa lango lililo wazi, na uvimbe wa paji alizaliwa nao.

Profesa Kanali Mng'aro alipata nishani nyingine. Hakukuwa na nafasi, ikawekwa kofiani.

Sajini Lipala alihamishiwa mpakani. Watoto wake sasa ni wanane.

Shemeji alihamisha mashine. Jengo la kiwanda wanafugia kuku.

Sanamu ya Mwanamize na ndovu sita ilisimamishwa mji mkuu. Uso ni wa mamake shemeji. Ndovu mmoja ameanguka.

Mwanakheri alilipishwa faini kwa kuuza vitumbua vya ukubwa usioidhinishwa. Anaendelea kuviuza.

Bi Shinuna alifungwa miezi kumi na minne kwa kosa la kuwa na sauti inayovuka ukuta. Ufunguo alibaki nao mpwa wake. Alipotoka alirudishiwa, akahesabu shanga, akakuta kumi nyeupe na moja nyekundu. Alikufa mwaka juzi, kitandani kwake. Ufunguo uko tena kwa mpwa.

Mtukufu Mlezi bado yupo. Kila mwaka mtama ukiingia huumwa, na daktari humkataza safari. Hutumwa picha yake, ikalala nje.

Mimi nilifukuzwa kazi kwa kupoteza Ngano. Nilivuka mpaka kwa miguu.

Kisima ni cha Pingoni. Lango, kisheria, liko wazi. Mwaka huu pia wamelifunga.